Ndoo ya Kamanda

Hasidi hana sababu, walisema wahenga, lakini Anastazia, mke wa Sajini Meja Simeoni, angebishana na wahenga hao mpaka wamwombe radhi. Yeye sababu alikuwa nazo tele. Aliamka nazo, akapika nazo, akalala nazo upande wa ukutani, na zote zilikuwa na jina moja: Magdalena.

Ili uzielewe sababu hizo, kwanza ulijue bomba. Laini ya polisi ya Singida Mjini, zile nyumba za mabati zilizopangwa sambamba chini ya kilima, ilikuwa na bomba moja la maji, na Singida si mahali pa kuchezea maji. Maziwa mawili yako pale pale mjini yanang'aa mchana kutwa, ila ukiyaonja utatema. Kwa hiyo bomba lilifunguliwa alfajiri na kufungwa jua likianza kuchoma, na wanawake walichota kwa mstari. Mstari wenyewe haukujali nani kawahi. Ulijali tepe za mume. Mbele mke wa sajini meja, nyuma yake wake za masajini, kisha wake za makoplo, na mkiani wake za makonstebo, hata kama wao ndio walioamka na jogoo. Sheria hiyo hakuna aliyeitunga. Ilitoka gwarideni ikawafuata waume mpaka nyumbani.

Anastazia naye alianzia mkiani. Aliolewa kutoka upande wa Ikungi akiwa msichana, enzi za Mwingereza, Simeoni akiwa konstebo mwenye kaptula pana na miguu myembamba. Siku ya kwanza alipojisogeza katikati ya mstari, mke wa koplo alimrudisha nyuma kwa kiwiko. Hakulia. Alisubiri. Simeoni alipopata tepe ya kwanza, naye akasogea. Tepe ya pili, akasogea tena. Mpaka siku Simeoni alipovishwa alama ya sajini meja, wanawake walipisha wenyewe bila kuambiwa, na Anastazia akatua debe lake chini ya bomba kabla ya debe jingine lolote. Siku ile aliisimulia kuliko alivyosimulia harusi yake.

Mbele yake kilibaki chombo kimoja tu, ndoo ya Kamanda. Mkuu wa polisi alikaa juu kilimani, na maji ya bomba hayakuwa na nguvu ya kupanda mpaka kwake. Basi tangu zamani askari alitumwa na ndoo, akaiweka mbele ya watu wote, wanawake wakangoja. Kwa ndoo hiyo Anastazia aliwajua wakuu wote, mmoja baada ya mwingine. Ya Mzungu ilikuwa nyeupe, yenye kifuniko, na mkewe hakuna aliyepata kumwona uso sawasawa. Baada ya Uhuru, Singida ilipofanywa mkoa, akaja Mselemu, mtu wa pwani, mweusi wa kwanza kukikalia kiti kile. Ndoo zake zilikuwa nyingi, kwa sababu mkewe Bi Mwanvua alioga asubuhi na jioni, na wanawake wa laini walimsema kwa hilo mpaka alipohamishwa. Kisha akaja Alphonce, mtu wa Bukoba, aliyeshika Azimio la Arusha kama kitabu cha sala. Yeye ndoo yake ilikuwa moja, tena ndogo, na kiangazi kikikaza aliagiza nusu.

Hao wote hawakumuuma Anastazia hata kidogo. Waliletwa na serikali, wakaondolewa na serikali. Tena ndoo haina uso. Unaipisha, inajaa, inaondoka, na wewe unabaki kuwa wa kwanza.

Shida ilianza na Laurian.

Laurian aliletwa laini miaka michache kabla ya Uhuru, konstebo mpya mwenye shule kichwani na njaa tumboni. Simeoni ndiye aliyemfundisha kufunga mkanda ukakaa, na kupiga saluti ikasikika. Anastazia ndiye aliyemlisha. Kila jioni kijana alikuja kukaa kwenye kigoda chao, akapiga ugali wa uwele na mlenda, akasema, "Ahsante, Mama Yohana," kwa jina la mtoto wao mkubwa. Anastazia alimpenda, msimfikirie vibaya. Alimpenda mpaka akamtafutia mke. Alikuwa na shangazi yake Itigi, karibu na stesheni ya reli, na jirani wa shangazi alikuwa mrina asali mwenye binti mpole, mrefu, asiye na maneno mengi. Anastazia alipanda gari la abiria kwenda kumposa yeye mwenyewe, akamleta mjini, akamwonyesha jiko, soko na kanisa. Akamwonyesha na mahali pake bombani, mkiani kabisa, kwa wake za makonstebo.

"Hapa ndipo pako, mdogo wangu," alimwambia. "Ukitaka kusogea, mwambie mumeo afanye kazi."

"Sawa, dada," Magdalena akasema.

Akakaa hapo. Hata alipopata mimba akakaa hapo, mpaka asubuhi moja miguu ilipomvimba na tumbo likawa zito, akaja mbele taratibu na ndoo yake, akaomba achote mapema arudi kulala. Mstari mzima ulimgeukia mke wa sajini meja. Na Anastazia, ambaye mwenyewe alizaa watoto wanne akitokea mkiani bila kuomba, akajibu kwa sauti ya kusikika mpaka nyumba ya mwisho:

"Bomba hili linaangalia tepe za mume, mwanangu. Haliangalii tumbo la mke."

Wanawake walicheka sana. Lilikuwa neno zuri, na Anastazia alilifurahia siku nzima. Magdalena alirudi nyuma na ndoo yake, akangoja zamu yake, na mtoto akazaliwa salama wiki ile ile. Hakuna lililoharibika. Kwa hiyo hakuna aliyelikumbuka, au ndivyo Anastazia alivyojiambia.

Uhuru ulikuja na haraka zake. Wazungu walikuwa wanafunga masanduku, serikali inatafuta watu weusi wa kushika nafasi zao, na waliotafutwa ni wenye shule. Laurian akaitwa chuo cha polisi Moshi kusomea uofisa. Siku ya kuondoka, Magdalena alikuja na kopo la asali ya kwao, akalitua mezani kwa Anastazia, akapiga goti. Anastazia alipokea, akamkumbatia, akamtakia safari njema. Gari lilipopotea barabarani alirudi ndani akalitazama lile kopo, na kitu kikamchoma kifuani kwa mara ya kwanza. Kijana aliyekula mlenda wake atarudi na nyota mabegani. Na Simeoni je?

Asali hiyo hakuila. Aliipeleka kwa jirani akisema inampa kiungulia.

Toka hapo kila askari aliyehamishiwa Singida alileta habari, na kila habari ilikuwa mwiba. Laurian amekuwa inspekta. Laurian yuko Tabora, ana gari. Laurian ni mrakibu sasa, mkewe amepata mtoto wa tatu, amenenepa, anavaa viatu hata kwenda shambani. Anastazia alisikiliza yote na kusema, "Mungu ni mwema," kisha akaenda jikoni kugombana na sufuria. Jioni zamu ilikuwa ya Simeoni.

"Wewe ulimfundisha kufunga mkanda," alimwambia. "Leo mkanda wake una bastola, na wako una filimbi."

"Ana darasa, Mama Yohana," Simeoni alijibu, akisugua viatu vyake. "Kiingereza changu mimi kinaishia lefti na raiti."

"Na yule mkewe? Ana darasa gani yule? Nimemtoa vichakani mimi, hajui hata kuwasha taa ya chemli!"

"Sasa si umshukuru Mungu kwamba uliposa vizuri?"

Hapo Anastazia alikula kidogo na kulala mapema, kama afanyavyo mtu mwenye wivu. Simeoni alikuwa mtu wa ajabu. Kila mkuu aliyekuja alimpigia saluti ile ile, akamfagilia uwanja ule ule wa gwaride, na alipoondoka hakumsema. Anastazia aliwahi kumwambia kuwa hana moyo. Akasema anao, ila anautumia kidogo kidogo.

Mwaka wa Operesheni Vijiji, magari ya serikali yakiwa yanazunguka mkoa mzima kuhamisha watu, Alphonce alihamishwa. Kuluthumu, mke wa koplo, ambaye habari zilimfikia yeye kabla hazijafika ofisini, alipita nyumba kwa nyumba akiwa ameshika kanga kifuani.

"Mmesikia Kamanda mpya? Ni mtu wetu, yule tunayesimuliwa! Ni Laurian!"

Laini ililipuka vigelegele. Anastazia alipiga kigelegele naye, kimoja, kifupi.

Siku ya gwaride la kumpokea alisimama nyuma ya uzio wa minyaa kama wanawake wengine. Alimwona mumewe, mvi kichwani, mgongo bado umenyooka, akipiga mguu chini vumbi likaruka, akimpigia saluti kijana aliyempa kigoda chake. Lakini lililomkata maini halikuwa saluti. Simeoni alikuwa anatabasamu! Alitabasamu mpaka masikioni, kama baba wa bwana harusi. Anastazia alitamani aupite ule uzio amfinye.

Laurian alisema machache. Alisema cheo ni dhamana. Alisema askari wako kwa ajili ya wananchi, na kuanzia siku ile hakuna askari atakayechota maji ya Kamanda wala kufua nguo za Kamanda. Wanaume walipiga makofi. Nyuma ya uzio Anastazia hakupiga, alikuwa anapiga hesabu. Kama askari hawachoti, na kilimani maji hayapandi, nani atakayeshuka na ndoo?

Sasa ndoo itakuja na uso.

Kwa siku kadhaa wanawake walipanda kilimani na kuku na mayai kumkaribisha Magdalena. Anastazia alisema mguu unamsumbua. Kuluthumu alirudi na sukari ya kupewa na maneno yake.

"Amekuulizia, Mama Yohana. Kasema, 'Dada yangu hajambo?'"

"Dada yake nani?"

"Wewe."

"Alivaa nini?"

"Kitenge tu."

Kitenge tu! Angalau angevaa dhahabu watu wamseme. Anastazia alikuwa na miezi michache tu ya kukaa laini. Mwisho wa mwaka Simeoni angestaafu, nao wangerudi Ikungi kwenye kijiji kipya cha ujamaa, ambako hakuna aliyejua sajini meja ni nani. Kitu kimoja tu alichokitaka katika miezi hiyo: amalize akiwa wa kwanza bombani. Kumpisha askari mwenye ndoo ya Kamanda alikuwa amezoea. Lakini kumpisha Magdalena kwa mwili, auone mgongo wa yule msichana aliyemwonyesha jiko, na laini nzima inatazama? Bora bomba likauke.

Basi aliamka giza likiwa bado, akatua debe lake, akashika koki. Maneno alikuwa ameshayapanga. Magdalena akija mbele na maringo yake, atamwambia, "Karibu, mheshimiwa, sisi wengine tulizaliwa kungoja." Alilirudia neno hilo kimoyomoyo mpaka likakaa vizuri mdomoni. Alichohitaji ni yale maringo tu.

Maji yalifunguliwa, mstari ukajipanga, na Magdalena akashuka kilimani na ndoo yake ya bati mkononi. Kitenge tu, kama alivyosema Kuluthumu. Alikuja moja kwa moja mpaka kwa Anastazia, akapiga goti mbele ya watu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba," Anastazia akasema. Neno alilolipanga likakosa pa kutokea.

"Pita mbele, mama, pita mbele," wake za masajini walisema, wakianza kusogea.

"Hapana," Magdalena akasema kwa upole. "Mahali pangu napajua. Dada alinionyesha."

Akaenda mkiani. Akasimama nyuma ya Esta, mke wa konstebo mmoja mpya, msichana mwenye mimba iliyokaribia siku zake.

Esta aligeuka, akaona mke wa Kamanda yuko nyuma yake, roho ikamruka. Akachukua debe lake akaenda kusimama nyuma ya Magdalena. Aliyekuwa mbele ya Esta naye akaona sasa mke wa Kamanda yuko nyuma yake yeye. Akahama. Akahama na wa mbele yake. Wake za makoplo wakahama, wake za masajini wakahama, mstari mzima ukageuka ndani nje kama soksi, mpaka bombani akabaki Anastazia peke yake. Magdalena alipojiona yuko mbele ya wote, akachukua ndoo yake. "Mahali pangu ni mwisho," akasema, akaenda nyuma tena. Nao wakamfuata tena. Kila alipokaa mwisho, mwisho ukahama, na mstari ukazidi kuliacha bomba, ukapita nyumba ya kwanza, ukapita ya pili. Esta alichoka, akageuza debe lake akalikalia.

Wote walikuwa wanamtazama Anastazia. Neno moja lake lingemaliza kazi. Yeye ndiye aliyeishika sheria ile miaka yote, yeye ndiye wa kusema, "Magdalena, njoo mbele," au, "Leo kila mtu achote alivyofika." Debe lake lilikuwa limejaa, maji yanamwagika ardhini na kuku wanakunywa. Alifungua mdomo. Akamtafuta Magdalena kwa macho kule mwisho, akitafuta kejeli, akitafuta hata kona moja ya mdomo iliyopinda, apate pa kushika. Hakuiona. Uso ule ulikuwa ule ule wa msichana wa Itigi. Mwenye wivu anahitaji adui, na huyu alimnyima hata huyo. Anastazia akafunga mdomo.

Bomba likakohoa, likatema upepo, likanyamaza. Jua lilikuwa limeshapanda. Maji mpaka kesho.

Wanawake wote wa laini ya polisi walisimama na madebe matupu, na debe moja tu lilikuwa limejaa. Mtoto wa mtu alianza kulia kiu ndani ya nyumba, mama yake hakwenda.

Magdalena alikuja mbele, safari hii bila ndoo.

"Dada," akasema, "tugawie kidogo kidogo. Anza na yule." Akamwonyesha Esta aliyekalia debe. "Tumbo lile ni zito."

Hapo Anastazia alilikumbuka neno lake la zamani. Wote pale walikuwa wageni wa miaka ya karibuni, hakuna aliyekuwapo siku ile ya miguu iliyovimba isipokuwa wao wawili. Alimtazama Magdalena, Magdalena akamtazama. Kama lilikuwa neno la kisasi au lilikuwa neno la huruma tu, Anastazia hakulijua siku ile, na alikufa hajalijua.

Alichukua kata, akaenda kwa Esta kwanza. Akatoka hapo akapita mstari mzima, debe likiwa kichwani mpaka likapungua akalishika mkononi. Kata kwa huyu, kata kwa yule. Mke wa konstebo, mke wa koplo, mke wa sajini, walivyosimama hovyo hovyo bila tepe. "Ahsante, Mama Yohana." "Mungu akubariki, Mama Yohana." Hata Kuluthumu alipokea kwa mikono miwili. Mwisho wa mstari, kwenye ndoo yake ya bati aliyokuwa ameiacha pale, alisimama mke wa Kamanda.

Debeni ilibaki kata moja.

"Hiyo ni yako, dada," Magdalena akasema, akivuta ndoo yake nyuma. "Mimi nitakunywa kesho."

Mtu mwingine angeipokea. Lakini Anastazia alifikiria huyu mwanamke akipanda kilimani na ndoo tupu, na laini nzima ikisema amelala na kiu ili Mama Yohana anywe. Nyota amepata, gari amepata, leo apate na sifa ya wema? Hilo hapana. Alimnyang'anya ndoo, akaliinua debe kwa mikono miwili, akamimina yote, akaligonga matako ili hata tone lisibaki.

"Chukua," akasema, ameuma meno.

"Ahsante, dada," Magdalena akasema, akapiga goti tena.

Simeoni alikuwa amekaa mlangoni na kikombe chake, akingoja maji ya chai. Alimwona mkewe akija polepole, debe linaning'inia mkononi, akainuka kumpokea. Akachungulia ndani ya debe. Akamtazama usoni.

"Kwani leo ulikuwa wa ngapi?" akauliza.

"Wa kwanza," Anastazia akasema, na machozi yakamtoka kabla hajafika kwenye kigoda.